Kuunda ekzosi ya gari ya modeli kwa mkono: mwongozo kamili wa skeli 1:24

Ukitaka kujua gari ya modeli imeundwa na mtu makini, ipindue tumbo juu. Katika seti nyingi za plastiki za skeli 1:24, yaani ndogo mara 24 kuliko gari halisi, zikiwemo za kampuni zenye sifa kubwa kama Tamiya na Aoshima, ekzosi ni tuta tu lililochomoza kwenye sakafu ya gari, au kipande kimoja chenye mstari wa kalibu uliopita ubavuni kutoka mwanzo hadi mwisho. Hakuna nafasi kati ya bomba na chasisi. Hakuna raba za kuning'inizia. Tundu la nyuma halina tundu.

Hapa tutaitoa yote na kuunda nyingine kwa waya wa shaba, bati la kopo la soda na vipande vya eriali ya redio mbovu. Vifaa maalumu vya modeli havipatikani kirahisi madukani kwetu Unguja na Pemba, lakini kwa ekzosi hatuvihitaji. Duka la vifaa vya umeme linatosha, na nitaonyesha kwa hesabu kwa nini waya wa nyumba unaingia kwenye skeli hii karibu sawasawa na bomba halisi.

Anza chini ya gari halisi

Kabla hujakata kitu, nenda gereji. Msalimie fundi, mweleze unachounda, umuombe uangalie gari iliyopandishwa au iliyo juu ya shimo. Usiingie chini ya gari iliyoshikiliwa na jeki peke yake, na usiguse ekzosi ya gari iliyotoka barabarani. Manifoldi, yaani mabomba yanayokusanya moshi kutoka kwenye silinda, hubaki na moto muda mrefu baada ya injini kuzimwa.

Fuata njia ya moshi kwa macho. Inaanzia kwenye manifoldi iliyofungwa ubavuni mwa injini, inashuka kwenye bomba la mbele, inapita kwenye kataliti (kisafisha moshi) kama bado ipo, halafu resoneta (kopo dogo la kupunguza mvumo), halafu sailensa, halafu mkia, yaani bomba la kutolea moshi nje. Kila bomba linapopinda lina sababu: linakwepa tangi la mafuta, linapanda juu ya ekseli ya nyuma, linapisha shafti. Ukizijua sababu hizo hutaweka kona mahali pasipo na haja, na hapo ndipo ekzosi nyingi za modeli zinapopotea. Zimepindwa vizuri, lakini hazikwepi chochote.

Kipimo cha unene wa bomba ni rahisi. Zungusha uzi mara moja, pima urefu wa uzi, gawanya kwa 3.14. Uzi wa milimita 134 ni bomba la milimita 43 hivi, unene wa kawaida kwa gari ndogo za Kijapani zilizojaa barabarani kwetu. Pima pia urefu na upana wa sailensa, nafasi kati ya bomba na sakafu, na mahali kila raba inaposhika. Piga picha ukiwa umeweka rula ndani ya picha, moja kutoka chini na moja kutoka ubavuni.

Hesabu ya nyaya

Kila kipimo gawanya kwa 24. Sailensa yenye urefu wa milimita 450, upana 200 na kina 120 itakuwa na urefu wa 18.8, upana 8.3 na kina 5. Bomba la milimita 43 litakuwa 1.8.

Sasa ingia duka la umeme. Waya wa nyumba huuzwa kwa eneo la mkato wake kwa milimita za mraba, wala si kwa unene, kwa hiyo namba iliyoandikwa kwenye ganda inahitaji kugeuzwa. Waya wa 1.5 una shaba yenye unene wa milimita 1.38, na ukizidisha kwa 24 unapata bomba la milimita 33: hilo ni bomba la manifoldi. Waya wa 2.5 una unene wa 1.78, sawa na bomba halisi la milimita 43: hilo ni bomba kuu la gari ya kawaida. Waya wa 4, ukipata wa uzi mmoja, una unene wa 2.26, sawa na milimita 54, na huo unafaa gari ya mbio au iliyoongezewa nguvu. Sisitiza uzi mmoja. Waya wa nyuzi nyingi zilizosokotwa haufai kwa bomba, ingawa nyuzi zake ni nzuri kwa vitu vidogo kama vining'inizio.

Anayeunda skeli 1:43 atumie waya wa 1, wenye unene wa 1.13, unaompa bomba la karibu milimita 49. Wa skeli 1:18 aanze na waya wa 4.

Mita moja ya kila aina inatosha gari kadhaa. Fundi umeme akimaliza kufunga nyumba hubakiwa na vipande vifupi, muombe.

Vifaa vingine

Kopo la soda tupu. Bati lake lina unene wa takriban milimita 0.1, laini kiasi cha kukatwa kwa mkasi. Eriali ya redio mbovu, ile ya kuvuta, kwa kuwa kila kipande chake ni bomba lenye ukuta mwembamba, na vipande vinaingiana. Uzi wa kushonea wa poliesta. Supaglu, gundi ya epoksi ya sehemu mbili, na kama una chuma cha kulehemu, waya wa lehemu na flaksi (dawa inayosaidia lehemu kushika). Plaizi yenye mdomo mwembamba, jiliwa ndogo, tupa ndogo, msasa wa 400 na wa 800, na biti za drili za milimita 1 hadi 4.

Kwa plastiki bapa, geuza chombo utazame namba iliyo ndani ya pembetatu. Namba 6 ni polisitirini, plastiki ileile ya seti za modeli, na inashikana kwa gundi ya modeli. Namba 5, ambayo ndiyo makopo mengi ya aiskrimu na mtindi, haishiki gundi hata ukiisugua na msasa. Kasha la CD pia ni polisitirini, ila hukatika vibaya usipolichora kwa kisu mara nyingi kabla ya kulivunja.

Jambo la usalama lisiloweza kungoja: supaglu ikikutana na pamba hutoa moto, na inaweza kuunguza kidole. Ndiyo maana nimesema uzi wa poliesta, na ndiyo maana hufuti supaglu kwa kitambaa cha pamba wala kijiti cha masikio. Waya wa lehemu mwingi una risasi, basi nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula, na fungua madirisha unapolehemu.

Mpangilio wa kazi

Wengi huanza mbele wakaenda nyuma. Mimi nasema hapana. Ekzosi ina sehemu tatu zisizojadiliwa: flanji ya injini (bamba linalofunga manifoldi kwenye injini), mahali sailensa inapokaa, na mahali mkia unapotokea chini ya bampa. Unda hizo tatu kwanza, zishikize mahali pake kwa vipande vidogo vya blutaki au kinyunya, halafu bomba la kati ndilo liunganishe. Kosa lolote dogo la kipimo litamezwa na bomba la kati. Ukianza mbele, kosa la nusu milimita kwenye flanji linafika nyuma likiwa milimita tatu, na mkia unatoka ukitazama pembeni.

Kwanza, ondoa ekzosi ya seti. Kama imechomoza kwenye sakafu, ikwangue kwa patasi ndogo kidogo kidogo, kisha msasa wa 400 kwa maji. Acha au chonga upya handaki la katikati ya sakafu, kwa maana bomba halisi hupita ndani yake.

Sailensa

Kata vipande vya plastiki, vibandike kimoja juu ya kingine hadi upate kina cha milimita 5, acha vikauke usiku kucha, kisha chonga kwa tupa hadi upate mkato wa yai. Hicho ni kiini tu, hakitaonekana. Kata ukanda wa bati la kopo wenye upana sawa na urefu wa sailensa. Sugua upande wenye rangi kwa msasa wa 400 hadi bati liwe jeupe, uzungushe kwenye kiini na uunganishe kwa epoksi, mshono ukiwa upande wa juu unaotazama sakafu.

Sahani za mwisho zina ukingo. Katika sailensa halisi, bati la ubavu na sahani ya mwisho hukunjwa pamoja na kuacha mdomo mwembamba uliojitokeza kuzunguka. Kata sahani mbili kubwa kuliko kiini kwa robo milimita kila upande, zibandike, na mdomo huo umepatikana. Toboa tundu la kuingilia na la kutokea kwa biti ya milimita 1.8, kina cha milimita 3, ili bomba liingie ndani badala ya kugusa juu tu. Matundu hayo mawili kwa kawaida hayatazamani. Moja huwa pembeni na jingine kati au upande wa pili, kwa sababu ndani moshi hupitishwa kwenye vyumba na mabomba yenye matundu ili mlio upungue.

Manifoldi

Hii ndiyo sehemu ngumu, na ndiyo tamu. Tuchukue injini ya silinda nne zilizopangwa mstari mmoja.

Kata ukanda wa flanji kutoka plastiki ya unene wa milimita 0.4, sawa na chuma cha milimita 10 katika gari halisi. Toboa matundu manne ya milimita 1.4, kutoka kati ya tundu hadi kati ya tundu jingine milimita 3.5. Ukitaka kulehemu, tumia bati la shaba badala ya plastiki.

Kata nyaya nne za 1.5 zilizovuliwa ganda, kila mmoja milimita 40, kwa urefu uliolingana kabisa. Usawa huu una sababu: katika manifoldi ya mbio, mabomba hulinganishwa urefu ili mapigo ya moshi ya kila silinda yafike kwenye maungio kwa nafasi sawa. Kwa hiyo bomba la silinda iliyo karibu na maungio lazima lizunguke ili lipoteze urefu, na lile la mbali liende moja kwa moja. Ndipo unapopata ule msokotano mzuri wa mabomba ambao macho huupenda.

Kuna mitindo miwili. Katika 4-1, mabomba yote manne huingia kwenye kikusanyio kimoja. Katika 4-2-1, huungana mawili mawili kwanza, na hapa wengi hukosea: huunganisha 1 na 2, halafu 3 na 4, kwa kuwa zipo jirani. Injini nyingi za silinda nne huwaka kwa utaratibu wa 1-3-4-2. Silinda ya 1 na ya 4 hupishana kwa mzunguko mmoja mzima wa krenki (shafti inayozungushwa na pistoni), vivyo hivyo 2 na 3, na kwa hiyo moshi wao haugongani. Unganisha 1 na 4, kisha 2 na 3. Mjuzi wa injini akiangalia modeli yako ataliona hilo kabla ya kuona rangi.

Ingiza nyaya kwenye flanji zikiwa zimenyooka, zishike, halafu pinda mmoja mmoja ukianza na zile za kati. Kwa 4-1, nyaya nne zikikusanywa kwa umbo la mraba zinaingia kwenye duara la milimita 3.33, basi tafuta kipande cha eriali chenye tundu la ndani la karibu milimita 3.4. Kiponde kidogo kwa plaizi upande wa chini kiwe kimechongoka kufikia unene wa bomba kuu.

Shaba hupeleka moto haraka sana. Ukilehemu kiungo cha pili, cha kwanza kinaweza kuachia. Funga viungo vilivyokwisha kwa karatasi ya chooni iliyoloweshwa maji, weka flaksi, gusa kwa chuma chenye moto wa kutosha na uondoe upesi. Chuma kisicho na moto wa kutosha ndicho kinachoharibu, kwa sababu unakikalisha muda mrefu na moto unasambaa kote.

Bomba kuu na namna ya kupinda

Waya hutoka kwenye roli ukiwa na mawimbi. Bana ncha moja kwenye jiliwa, shika nyingine kwa plaizi, vuta kwa nguvu hadi uuhisi umerefuka kidogo. Utanyooka kama mshale, na utakuwa mgumu kidogo kuliko mwanzo. Ukiwa mgumu mno kupinda, upashe moto hadi uwe mwekundu hafifu kisha uutumbukize majini. Shaba hulainika kwa njia hiyo.

Kabla ya kupinda shaba, tengeneza kielelezo kwa waya wa lehemu, ambao hupindika kwa vidole. Upitishe kutoka manifoldi hadi sailensa, ukwepe unavyotaka, hakikisha hakuna kinachogusa. Kisha unakili kona moja baada ya nyingine kwenye shaba.

Usipinde kwa mdomo wa plaizi. Unaacha alama za meno na kona kali ambayo hakuna fundi angeikubali. Bomba halisi lililopindwa vizuri huwa na nusu kipenyo cha kona cha mara moja na nusu ya unene wake, kwa kipimo cha kati ya bomba. Kwa bomba la milimita 43 hiyo ni kama 65, na kwa skeli yetu ni 2.7. Toa nusu ya unene wa waya, na unabaki na nusu kipenyo cha 1.8, yaani waya uzungushwe kwenye nondo ya milimita 3.6. Shina la biti ya drili ya 3.5 linafaa. Lishike wima kwenye jiliwa, pinda kidogo kupita pembe unayotaka, kwa sababu waya hurudi nyuma ukiuachia.

Epuka vipande vya plastiki vilivyopashwa kwenye mshumaa. Hupindika, ni kweli, lakini kona hubonyea na unene hubadilika kila mahali.

Nafasi kati ya bomba na sakafu iwe milimita 1 mahali popote, sawa na sentimita mbili na nusu za gari halisi. Weka magurudumu na uipime gari ikiwa imesimama: bomba lisiwe chini kuliko sehemu nyingine yoyote ya tumbo la gari, hasa kama unaunda gari ya barabara zetu za shamba.

Mkia, welding na raba

Kwa mkia tumia kipande cha eriali. Kikate kwa kukizungusha chini ya tupa kali, si kwa plaizi, maana plaizi hukiponda. Panua tundu kwa ncha ya kisu hadi ukuta uonekane mwembamba. Tundu la kina cha milimita 4 linatosha. Ndani utapaka rangi nyeusi isiyong'aa na jicho litadhani bomba linaendelea.

Alama ya welding katika gari halisi ina upana wa milimita 6 hivi, yaani robo milimita kwetu. Uzi wa kushonea unafika hapo. Zungusha mara moja kwenye kiungo, gusa kwa supaglu iliyo kwenye ncha ya sindano, kata mabaki. Weka mahali bomba linapoingia sailensa na kwenye kila kiungo cha flanji. Usiweke kwenye kona, kwa maana kona imepindwa, haikuungwa.

Raba za kuning'inizia zitoke kwenye ganda la waya uliovua. Kata pete nyembamba, ipitishe kwenye ndoano mbili za unyuzi mwembamba, moja kwenye bomba na moja kwenye sakafu. Ikiwa utaonyesha kihisi cha oksijeni, skurubu yake halisi ni ya milimita 18, basi kipande cha waya cha milimita 0.75 chenye unyuzi mweusi kinatosha.

Rangi

Safisha shaba kwa limau na chumvi hadi ing'ae, suuza kwa maji mengi, kausha, na usiiguse tena kwa vidole. Puliza praima nyembamba. Chagua siku: katika masika, na siku yoyote ambayo nguo hazikauki, rangi ya kupuliza huvuta unyevu na kubaki na ukungu mweupe. Asubuhi ya kaskazi, jua likishapanda na kabla upepo haujaleta vumbi, ndio wakati mzuri.

Usipake fedha toka mbele hadi nyuma. Manifoldi ya chuma cha kusubu hushika kutu ya kahawia yenye wekundu, kavu, isiyo na mng'ao hata kidogo. Bomba la chuma lililopakwa aluminiamu lina kijivu cha fedha iliyofifia, na kutu huanzia kwenye alama za welding, ambako moto wa kuunga uliunguza kinga. Chuma kisichoshika kutu hubadilika rangi kwa joto kwa mpangilio usiobadilika: mbali na injini ni manjano ya majani makavu, ukikaribia ni kahawia, kisha zambarau, kisha buluu. Tumia rangi za kupitisha mwanga, tabaka jepesi juu ya jepesi, na mipaka isionekane.

Gari za visiwani zina jambo lao. Hewa ya chumvi hula chuma haraka, na safari fupi humalizia. Petroli lita moja ikiungua hutoa takriban lita moja ya maji kwa njia ya mvuke. Gari inayotoka Mji Mkongwe hadi Bububu na kurudi haipati muda wa kupasha sailensa yake, basi maji hubaki ndani na kutu huanzia huko. Kwa hiyo weka kutu kubwa zaidi chini ya sailensa na kwenye mdomo wa sahani ya nyuma, si juu. Chaki ya rangi ya udongo iliyosagwa, ikipakwa kwa brashi kavu, inafanya kazi hiyo vizuri kuliko rangi ya maji.

Vumbi nalo lina kwao. Gari ya Paje au Makunduchi ina vumbi jeupe la mawe ya uwanda, yaani mawe ya matumbawe; gari ya mashamba ya kati ina udongo mwekundu. Usichanganye zote mbili katika gari moja ila uwe na sababu. Ndani ya mkia, gari ya dizeli iwe na masizi meusi hadi nje ya mdomo. Ya petroli iliyo nzima huwa kijivu kilichokolea.

Kufunga

Funga manifoldi kwenye injini kwa epoksi na uache saa 24. Halafu sailensa na raba zake, halafu mkia, na bomba la kati mwisho kabisa, likiingizwa kwenye matundu yake pande zote mbili bila kulazimishwa. Likikataa, liondoe urekebishe kona. Ukilisukuma litavuta manifoldi na kuvunja flanji.

Shaba yoyote iliyobaki wazi itageuka kijani katika hewa yetu, basi ipige vanishi isiyong'aa kabla ya kuweka chaki. Ndani ya kabati la kioo weka vile vipakiti vya silika vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu vipya, na uvibadilishe kila masika yakimalizika.